Anataka nimwagie zege kiwanja cha marehemu baba yake

BARUA

Habari za kazi, dada mshauri.

Mimi ni mjane, mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa mjini. Mwakani natimiza miaka 60, hivyo nastaafu kwa lazima. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni binti, muuguzi huko Njombe, ameolewa na ana watoto. Wa pili ni mvulana wa miaka 27, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Baba yao alifariki mvulana akiwa kidato cha pili. Tangu hapo, dada, sijaweza kumwambia hapana kwa jambo lolote analolitaka kwa moyo. Alisoma vizuri, akamaliza stashahada ya umeme, akarudi nyumbani kusubiri ajira. Aliomba kila mahali. Aliitwa kwenye usaili Dodoma zaidi ya mara moja, nauli nikikopa kwenye kikoba, na kila mara majina yalipotoka lake halikuwemo. Hiyo ilikuwa 2021. Mwaka huohuo ndipo alipoanza skeitibodi.

Kwa asiyeijua, ni ubao wenye magurudumu manne madogo chini yake. Anasimama juu, anasukuma kwa mguu mmoja, anateremka nao barabarani, anaruka nao. Aliona Olimpiki ya Tokyo kwenye simu, akanunua ubao uliotumika kwa kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Nilidhani utamchosha mapema. Sasa ndiyo maisha yake. Alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, yuko kwenye mteremko wa lami upande wa Gangilonga. Jumamosi na Jumapili yeye na wenzake wanatafuta sakafu laini, baraza ya jengo lolote ambalo mlinzi wake ni mpole. Jioni anakaa na simu kukata video na kuzirusha mtandaoni. Watoto wa mtaa wetu wa Kihesa wanamfuata mpaka getini, naye anawafundisha bure.

Nataka nimtendee haki. Si mlevi. Wanaosema vijana wa ubao ni wavuta bangi hawamjui. Anapika, anafua, anapalilia bustani ya nyuma, na nilipozidiwa na presha mwaka jana ndiye aliyekesha nami wodini. Jirani yeyote umeme ukimsumbua anamwita yeye, anatengeneza, anapewa elfu mbili ya soda, anarudi. Lakini kipato hana. Chakula natoa mimi, bando natoa mimi, nguo natoa mimi. Viatu ndivyo vinavyonimaliza: juu ya ubao kuna karatasi kali kama msasa, inakula raba upesi sana. Magurudumu yakilika, anaagiza Nairobi. Alipovunjika mkono hakuwa na bima, maana kwa umri wake hawezi tena kuwa kwenye kadi yangu. Dada yake ndiye aliyelipa.

Na hapo ndipo palipoharibika. Binti yangu hunitumia fedha kila mwezi kwa ajili ya dawa na matumizi yangu. Alikuja Pasaka, akaona raba mpya, akauliza, nikajibu kwa kubabaika. Akaniambia, "Mama, mimi nina watoto wangu wa kulea. Huyu wa miaka 27 namlea kwa niaba ya nani?" Hajaja tena. Simu anapiga, lakini ni salamu tu.

Sasa kijana ameniletea ombi. Anajua mafao yangu yanakuja. Anaomba theluthi ya mkupuo, zile fedha zinazolipwa mara moja, ajenge uwanja wa skeitibodi wa zege kwenye kiwanja chetu cha Nduli, alichokinunua baba yao kwa nia ya kujenga vyumba vya kupangisha. Amechora ramani, amepiga hesabu ya saruji, kokoto na nondo. Anasema Nairobi uwanja upo, Kampala upo, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini haupo. Watoto watalipa kiingilio, na watalii wanaokwenda Ruaha watapita. Anasema bingwa wa Olimpiki wa Japani ni mtoto wa dereva teksi. Akiongea hayo uso wake unabadilika, namwona yule mtoto wa kabla ya msiba.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amesikia. Alikuja akasema mbele yake, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu umempa miaka." Anataka nimtoe nyumbani aende Mafinga akatafute kazi kwenye viwanda vya mbao, na kiwanja kiuzwe. Kijana alitoka nje bila kujibu, na kwa siku kadhaa hakukaa mezani nami.

Nikikataa, naogopa kumvunja moyo kwa mara nyingine. Nikikubali, naogopa uzee bila akiba, na kumpoteza binti. Nikimtoa nyumbani, sijui atalala wapi, na mimi nitabaki peke yangu. Nifanye nini? Na je, miaka yote hii nimekuwa nikimsaidia au nikimdekeza?

Mama Mwalimu, Kihesa, Iringa

JIBU

Kamwene, dada yangu Mwalimu. Pole kwa mzigo huu, na asante kwa kumwandika kijana wako kwa haki. Ungeweza kunitumia orodha ya makosa yake. Badala yake umenionyesha mtu anayepika, anayekesha wodini, anayependwa na watoto, na ambaye hana kipato. Nitajitahidi kumtazama hivyohivyo.

Nikiirudia barua yako kwa maneno yangu, unadaiwa jibu moja kuhusu zege, lakini ndani ya jibu hilo yamefungwa mambo manne ambayo hakuna lililowahi kuzungumzwa peke yake. Kuna mwanamume wa miaka 27 ambaye hajawahi kuelezwa nafasi yake ndani ya nyumba ni ipi. Kuna fedha za uzee wako. Kuna kiwanja alichokiacha marehemu. Na kuna binti aliyeanza kunyamaza. Yakibaki kwenye fundo moja, jibu lolote utakalotoa litamuumiza mtu, na nadhani ndiyo maana umekwama.

Nianze na ubao, kwa sababu shemeji yako na majirani wanauona kuwa ndio chanzo. Rudia mpangilio ulioandika mwenyewe: kwanza maombi ya kazi, kisha usaili wa Dodoma, kisha majina kutoka bila lake, kisha ubao. Inawezekana ubao haukumtoa kwenye kazi yoyote; ulimkuta ameshakosa. Kijana aliyejibiwa kwa ukimya miezi na miezi akikutana na kitu ambacho akianguka analijua kosa lake, na akilirekebisha anafaulu mchana uleule mbele ya wenzake, hashangazi akikishika kwa mikono miwili. Hilo ni wazo langu tu, mwenye jibu ni yeye. Ni lini hasa aliacha kutuma maombi, na kwa nini? Katika barua yako sikuona mahali ulipomuuliza. Nahisi nyote wawili mmelikwepa swali hilo kwa kuhurumiana, wewe usimkumbushe aibu, yeye asikukumbushe nauli za mkopo.

Kuhusu mchezo wenyewe, kijana wako hakudanganyi. Skeitibodi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Yuto Horigome wa Japani, ambaye kweli baba yake ni dereva teksi, alishinda pale, akashinda tena Paris 2024. Ila kuna upande wa habari hiyo ambao vijana huuruka. Baba yule alikuwa mpanda ubao mwenyewe, akamfundisha mwanawe tangu akiwa mdogo, na kijana akahamia Marekani kuufuata mchezo. Kule Paris kila shindano lilikuwa na nafasi 22 tu kwa dunia nzima, na kuzifikia kunataka kusafiri kwenye mashindano ya kufuzu nchi za mbali. Momiji Nishiya, aliyepata dhahabu ya wasichana Tokyo, alikuwa na miaka 13. Mwanao anayajua haya kuliko mimi. Nakuandikia wewe, mama, ili usipime miaka yake kwa medali. Ukidhani mwisho wa njia hii ni Olimpiki, utamwona ama bingwa ama mpotevu, wakati karibu kila anayeupenda mchezo huu duniani anaishi katikati ya hayo mawili.

Kuna mtu mmoja ningependa mmzungumzie mkiwa mezani: Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini. Alishindana Tokyo akiwa na miaka 46, na Paris akiwa na 49. Medali hakupata. Lakini kwa miaka mingi amewafundisha vijana wa KwaZulu-Natal kupanda ubao, na heshima yake kubwa imetoka huko. Nikisoma kuhusu watoto wa Kihesa wanaoishia getini kwako, namkumbuka huyo zaidi kuliko Mjapani. Kwa hiyo kijana anataka kuwa nani? Mshindani? Mwalimu wa watoto? Mjenzi wa viwanja? Mpiga video? Kila moja ni kazi yake, ina gharama zake na walipaji wake, na wengine huzichanganya na kazi nyingine inayowalisha. Akijibu "nataka skeitibodi" hajakujibu bado, na una haki ya kuuliza tena kwa upole.

Sasa hayo ya Nairobi na Kampala. Viwanja vipo. Kile cha Kitintale, Kampala, kilijengwa 2006, na kile cha Shangilia, Kangemi, Nairobi, kilifunguliwa 2013. Vyote vimelea vijana wengi, na ninavifurahia kwa dhati. Lakini angalia jinsi vilivyojengwa. Cha Kampala vijana wa mtaa walishika koleo wenyewe na wakapata misaada. Cha Nairobi kiko ndani ya eneo la kituo cha kulea watoto, kikajengwa kwa nguvu za wafadhili. Havikuanzishwa viwe duka la kukata tiketi. Mpango wa mwanao unasema watoto watalipa, na watoto wenyewe ni haohao anaowafundisha bure leo, ambao kwenda Nduli na kurudi watahitaji nauli ya daladala kabla hata ya kiingilio. Na watalii? Nduli iko barabara ya Dodoma. Anayekwenda hifadhi ya Ruaha anashika njia ya Kalenga na Idodi, upande mwingine kabisa. Sijui kama kijana ameliona hilo kwenye ramani yake. Mwambie akuonyeshe hesabu za mapato kama alivyokuonyesha za saruji. Ukizipokea kwa makini badala ya kuzikubali kwa huruma au kuzikataa kwa hofu, utakuwa umemtendea kama mtu mzima, na huenda hicho ndicho anachokikosa zaidi ya fedha.

Nije kwenye kiwanja, na hapa naomba unisome polepole. Umekiita "kiwanja chetu". Kilinunuliwa na marehemu. Je, mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Hati au mkataba wa mauziano uko kwa jina la nani leo? Sijaona neno hata moja kuhusu hayo kwenye barua yako, na kwenye familia nyingi nyumba na viwanja hukaa hivyohivyo miaka mingi, kila mtu akiamini mambo yako sawa. Kama mirathi haijafungwa, kiwanja hicho bado ni mali ya warithi wote, na binti yako ni mmoja wao kama alivyo mdogo wake. Maana yake ni kwamba kijana hakuombi wewe peke yako. Anaomba pia sehemu ya dada yake, bila dada kuulizwa. Na shemeji anayesema kiuzwe naye anaongelea kitu ambacho huenda hana mamlaka nacho. Zege likishamwagwa haliondoki kirahisi, na ugomvi wa ardhi kati ya ndugu hudumu kuliko zege. Nenda Mahakama ya Mwanzo uulize utaratibu. Hata ukiamua kutojenga chochote, hilo ni jambo la kufanya ungali na nguvu.

Mafao nayo. Kwa kikokotoo cha sasa, walimu waliokuwa kwenye mfuko uliokuwa ukilipa nusu kwa mkupuo wanapata asilimia 40 mara moja, na sehemu inayobaki inageuka pensheni ya kila mwezi. Mkupuo haurudi. Pensheni haitalingana na mshahara wako, na dawa za presha si za mwaka mmoja. Kabla ya kugawa theluthi ya kitu, keti na kalamu kama unavyofanya shuleni, uandike utakula nini, utatibiwaje, paa la nyumba lina hali gani. Kinachobaki ndicho mnachoweza kukizungumzia, kama kipo. Hesabu hiyo ifanye mbele ya kijana. Nina wasiwasi kwamba anauona mkupuo wako kwa ukubwa wa siku ya kwanza, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa miaka inayofuata.

Umesema tangu baba yao afariki hujaweza kumwambia hapana. Naielewa huruma hiyo. Mtoto wa kidato cha pili aliyefiwa alistahili kubebwa. Ila naomba ujiulize kama unayemjibu leo ni yule wa kidato cha pili au huyu wa miaka 27. Unapompa bando kabla hajaomba, na raba bila neno, hapati nafasi ya kuomba kwa utu uzima, wala ya kusema asante, wala ya kusema, "Mama, mwezi huu acha, nitajinunulia." Umeuliza kama ulimsaidia au ulimdekeza. Huenda yote mawili yametokea ndani ya shilingi ileile, kwa kuwa ilitoka kimyakimya. Kukaa kwa mama ukiwa na umri huo si aibu kwetu; nyumba ngapi Iringa zina kijana chumba cha uani? Shemeji alipotumia methali ya mgeni alikosea hapo, maana mtoto hageuki mgeni kwao. Lakini kuhusu jembe ana hoja, na ningependa usiitupe kwa sababu tu ilisemwa kwa ukali mbele ya kijana.

Jembe lenyewe nadhani liko mikononi mwake. Umeandika mwenyewe kwamba majirani wanamwita akatengeneze umeme kwa elfu mbili ya soda. Huyo ni fundi mwenye stashahada anayefanya kazi bila bei. Kinachohitajika hapo ni vifaa vyake mwenyewe, leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, leseni ambayo ina madaraja kulingana na elimu na uzoefu, na ujasiri wa kutaja bei kwa watu waliomzoea. Hatari yake ni kwamba ataona unamrudisha kwenye mlango uliomfungia. Ukimweleza kuwa ufundi ndio utakaolipa magurudumu ya Nairobi na bima yake ya afya, anaweza kulipokea tofauti. Anaweza pia asilipokee. Ukiliona anasita, msikilize kwanza. Pengine kuna kitu kuhusu umeme hajawahi kukuambia.

Kuhusu uwanja, kati ya "theluthi ya mkupuo" na "hapana" kuna nafasi kubwa ambayo hamjaitembelea. Mafinga hiyohiyo anayotaka kumpeleka shemeji inatoa mbao na plaiwudi. Rampu ndogo ya kuhamishika inatengenezwa kwa fremu ya mbao na plaiwudi juu, inafunikwa turubai wakati wa masika, na ikishindikana inauzwa au inageuzwa kabati. Anayeanza anahitaji sakafu laini kuliko kitu kingine chochote, na sakafu laini ziko kwenye shule, makanisa na kumbi. Wewe ni mwalimu, unajua barua ya kuomba eneo inaandikwaje na inapelekwa kwa nani. Vijana wakijiunda kikundi chenye katiba wanaweza kumwona afisa michezo wa halmashauri na kuulizia usajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na kikundi kinaweza kuomba mahali ambapo mtu mmoja hawezi. Njia hii ina udhaifu wake: ni ya polepole, itakutana na ofisi zisizoujua mchezo huu, na kijana anaweza kuona umemwondoa kwenye ndoto ukampa makaratasi. Pia watoto wakifundishwa rasmi, mzazi wa kwanza ambaye mtoto wake atavunjika mkono atauliza kofia ngumu na vikinga magoti vilikuwa wapi. Bora swali hilo lijibiwe mapema.

Kumtoa nyumbani sitakurefushia. Wapo vijana waliosimama baada ya kutolewa, na wapo waliopotea, na hakuna anayeweza kukuambia wako ni yupi. Akiondoka kwa sababu amepata kazi Mafinga ni jambo moja; akiondoka kwa sababu baba mdogo alimwaibisha ni jingine, hata kama basi ni lilelile. Na wewe pia umeandika jambo ambalo sitaki lipite: kwamba utabaki peke yako. Ni hofu halali kabisa ya mama anayekaribia kustaafu. Ila iweke mezani kama hofu yako, isije ikajificha ndani ya uamuzi ukadhani unamhurumia yeye.

Iko pia njia ya kuacha mambo kama yalivyo hadi mafao yaingie. Naitaja kwa sababu ndiyo inayoendelea sasa hivi bila mtu kuichagua. Ubaya wake ni kwamba siku fedha zitakapoingia kila mmoja atakuwa na mpango wake kichwani, kijana zege, shemeji mauzo, binti uchungu, nawe utaamua ukiwa umezungukwa. Miezi iliyobaki ni yako, na mkiamua kwamba kijana aanze kuchangia hata mchele na umeme wa luku, mwaka mzima unatosha kuona kama makubaliano yanashikika kabla ya kugusa mafao.

Nimemwacha binti mwisho, na kwa kweli ningemweka mwanzo. Neno lake la Pasaka lilikuwa kali, lakini lisikilize vizuri: hakusema mdogo wake asisaidiwe. Aliuliza anamlea kwa niaba ya nani. Alilipa hospitali ya mkono bila kulazimishwa. Kilichomuuma, nadhani, ni kugundua kuwa fedha ya dawa za mama inanunua raba, na kwamba kwenye familia hii yeye ndiye mtoto ambaye hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Naye alifiwa na baba. Barua yako inaeleza msiba ulivyombadilisha mvulana. Kuhusu binti siku hizo sikukuta hata mstari.

Kwa hiyo, dada, kabla hujamjibu kijana neno lolote kuhusu Nduli, ningeanza na safari ya Njombe. Si mbali, basi la asubuhi linakufikisha mchana. Nenda wewe kwake, usimsubiri aje. Mweleze fedha zake zilikwenda wapi, mwonyeshe hesabu za uzeeni, muulize anakumbuka nini kuhusu kile kiwanja na baba alisema nini. Siku hiyo usimwombe fedha, na usimwombe amsamehe mdogo wake. Ukirudi Kihesa, niandikie tena unieleze alivyosema.